Jarida Lililojipima Lenyewe

Ninyi wajukuu mnaosomea kwenye simu, someni na hili. Shule niliishia darasa la nne, lakini pamba nimeichambua miaka yote hapa Bariadi: safi huku, fifi kule, ile chafu yenye majani na mchanga. Kwenye kupima, kunidanganya si rahisi.

Mjukuu wangu wa kike alikuwa anaomba kazi ya kufundisha chuo. Walitaka awe na makala iliyotoka kwenye jarida la wasomi. Akaandika juu ya wanawake wa huku na pamba yao, misimu mitatu anazunguka vijijini. Siku moja akaingia anacheka. Jarida limeikubali, bado yeye tu kubonyeza kwenye simu kwamba anakubali itoke. Na ikishatoka huko haipelekwi kwingine.

"Uliwatumia lini?"

"Juzi, Bibi."

"Juzi! Na ni jarida zuri hilo?"

"Lina alama kubwa. Wanahesabu makala zake zimetajwa mara ngapi na wasomi wengine."

"Hata zikitajwa kwa kusemwa vibaya?"

"Nazo zinahesabiwa."

"Haya. Alama hiyo kaitoa nani?"

Akapekua simu. "Wameandika wenyewe hapa."

"Kumbe mwenye pamba ndiye kashika mizani."

Mwanangu, baba yake huyo binti, akadakia: "Mama, darasa la nne unakagua majarida? Mwache mtoto, nafasi inafungwa Ijumaa."

"Nisomee, ng'wanone," nikamwambia mjukuu.

Akasoma, akinigeuzia kile Kiingereza chao. Akafika mahali ameandika kwamba tunaanika pamba chini, uani.

"Pamba chini? Pamba inaanikwa kwenye kichanja! Chini inaokota mchanga, unaandikiwa fifi. Misimu mitatu ulikuwa unaangalia nini?"

Akainamisha kichwa. Alichanganya na mpunga.

"Na hao wa jarida waliokusoma kabla ya kukubali, hawakuuliza?"

"Wamesema haina kosa hata moja."

Mimi mpaka leo naamini hawakuifungua. Hayo majarida mengine yenye sifa nayo siyaamini sana, ila mwalimu wake wa chuo aliwahi kurudishiwa kazi na moja lao mara mbili, imejaa maswali. Angalau huko kuna mtu alisoma.

Nikawaambia wote wawili: "Leo hii waandikiwe kwamba tunaiondoa. Wewe binti, sahihisha, kisha mpigie mwalimu wako akuonyeshe jarida linalouliza. Nafasi ya Ijumaa ikipita, ipite. Humu ndani hakuna wa kubonyeza kitu."