Daraja Lisilokuwa Kwenye Ramani

Mwaka wangu wa kwanza Dubai nilikuwa dereva wa pikapu katika duka la vipuri, Ras Al Khor. Nilitoka Mombasa nikijijua dereva, lakini mji huu ulinishinda: ukikosa njia moja ya kutokea, unakwenda kilomita kadhaa kabla ya kupata pa kugeuzia. Arbabu, mwenye duka, alinipa ramani ya karatasi ya miaka ya nyuma. Kila Ijumaa niliitandaza kitandani nikaikariri.

Fundi wetu, Mganda tuliyelala naye chumba kimoja, alinicheka. "Ndugu, nunua simu yenye ramani. Hiyo karatasi itakupoteza."

"Simu inaisha chaji," nikamjibu. "Karatasi haiishi."

Adhuhuri moja ya Julai injini ilichomoka kwenye mnyororo wa kuinulia ikamwangukia fundi mkono wa kulia. Arbabu akapiga kelele, "Yalla, mpeleke wewe, usingoje ambulensi!" Nikamfunga taulo mkononi, nikampakia, tukaondoka.

Njia niliyoizoea ilikuwa imefungwa kwa ujenzi. Nikafuata mishale ya muda, nikajikuta juu ya daraja jipya. Kwenye ramani pale palikuwa mchanga mtupu. Taulo lilishakuwa jekundu lote. Nilishika usukani kwa mkono mmoja, ramani kwa mwingine.

"Tumepotea?" akauliza.

"Tunakaribia."

"Usinidanganye, ndugu."

Nikakanyaga mafuta. Tulipita msikiti uleule mara mbili. Mwishowe nikasimama kwenye kituo cha mafuta nikamsihi dereva wa teksi, mzee wa Kipathani kutoka Pakistani, naye akatutangulia mpaka mlangoni pa hospitali.

Fundi alikatwa vidole vitatu. Nilimfuata daktari nikamuuliza kama tungewahi ingekuwaje. Akasema vilikuwa vimesagika, kuwahi kusingesaidia. Alisema upesi, macho kwenye faili, nami sikumwamini.

Wiki ile nilinunua simu. Mwenzangu alihamishiwa getini, akijifunza kuandika namba za magari kwa mkono wa kushoto. Hakunilaumu hata siku moja. Aliwaambia watu kwamba mimi ndiye niliyemwokoa, nami nikiwa nimesimama palepale.

Nilishindwa kumwambia kwamba mara ya kwanza tulipopita ule msikiti niliona kibao cha hospitali kikielekeza kulia. Ramani ilisema kushoto, nikaiamini ramani.