Jicho la Kushoto la Mwenyekiti

Kamati ya usalama ya wachimbaji wadogo hapa Maganzo inawatangazia wananchi wote kwamba, kwa mwaka mzima uliopita, hakuna mchimbaji hata mmoja aliyepoteza jicho machimboni. Tangazo hilo ni la kweli, na lipokelewe kwa heshima.

Mwenyekiti wa kamati ni Nuruddin, dalali wa almasi, mtu ambaye riziki yake yote imo machoni. Siku ya kutundika kibao cha VAA MIWANI YA KINGA kwenye ukuta wa ofisi ya kamati alipigilia misumari mwenyewe, kwa kuwa mafundi hawaaminiki. Miwani alikuwa ameivaa, juu kwenye paji la uso, ilikopendeza. Msumari wa zege ukakatika, kipande kikaruka na kumwingia jicho la kushoto. Hakikuuma sana. Akalisugua kwa mkono wa kanzu, akaendelea kugonga.

Nyumbani mkewe, Mwaisha, alimgeuzia uso kwenye mwanga.

"Baba Safiya, mboni yako imechongoka kama mbegu ya tikiti. Twende hospitali leo hii."

"Jicho hili linaona ufa ndani ya almasi, wewe unanisomea mbegu!"

Ili kumaliza ubishi, alikwenda kijiweni kwa madalali wenzake, akaweka lenzi jichoni kama afanyavyo siku zote, akalisoma jiwe bila kukosea. Wakampongeza. Ni Bujiku tu, mchimbaji asiye na adabu, aliyeuliza:

"Mwenyekiti, si umesomea la kulia? La kushoto umelifumba."

"Lenzi hutumiwa hivyo, Bujiku. Nenda kachimbe."

Basi jicho likatangazwa kuwa zima. Ukungu ulipoanza, akalaumu vumbi na kutia matone ya dukani. Vilipokuja vimulimuli pembeni, akasema ni almasi zinamwita. Kisha giza likashuka upande mmoja kama pazia. Hapo akaenda hospitali, Mwaisha ubavuni.

Daktari alisikiliza yote.

"Ungekuja siku ileile, mzee, bila kulisugua wala kulitia kitu, umelifunika kwa kikombe kisichogusa jicho, tungejaribu. Kipande bado kimo ndani. Hili halitaona tena."

Tangazo la kamati alilisoma Nuruddin mwenyewe, mkutanoni, chini ya kibao. Yeye si mchimbaji, wala pale kwenye kibao si machimboni. Karatasi aliishikia upande wa kulia.