Chumba cha Mizani

Mimi ndiye niliyemfukuza kazi baba yangu mdogo, na sikutumwa na mtu. Nilikuwa na akili zangu timamu, na mtandio nilioupiga pasi kwa ajili ya kikao.

Alikuwa fundi wa maabara ya kemia katika chuo ninachofundisha. Nilipokuwa nasoma sekondari Bagamoyo, yeye ndiye aliyenifundisha kudondosha asidi tone kwa tone mpaka rangi igeuke, jikoni kwa mama, kwa chupa zilizomeguka midomo ambazo chuo kilizitupa. Bila yeye ningekuwa nauza vitumbua Kerege. Hilo nalijua, na siku ile nililijua pia.

Nilirudi kutoka masomoni nikiwa mtu wa kwanza pale aliyesomea kemia ya nadharia. Ni kemia isiyolowesha mikono: unaandika milinganyo, kompyuta inakokotoa elektroni zitakaa wapi, na unajua kitu kitafanyaje kabla hakijafanya. Wenzangu walinicheka, eti mkemia asiyejua harufu ya amonia! Nikapewa somo moja, wanafunzi wanne na meza kwenye korido, karibu na choo. Miaka ikaenda, wanafunzi wakajaa, kompyuta zikaja, korido haikutosha. Watu hudhani taaluma hukua kwa vitabu. Wapi! Hukua kwa kupora vyumba.

Chumba chenye kiyoyozi kilikuwa kimoja tu, chumba cha mizani, na mwenye funguo alikuwa baba mdogo. Kwenye kikao mkuu wa idara akauliza, tukikichukua, fundi aende wapi? Naye ameketi pale pale, funguo mapajani.

"Kemia ya siku hizi haihitaji mtu wa kuosha chupa," nikasema. "Sisi tunapiga hesabu."

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, Mungu anisamehe, huku nikimtazama machoni.

Aliweka funguo mezani. "Mizani msiitupe," akasema. "Ile inapima hata uzito wa alama ya kidole."

Nikamwambia tutaitunza. Akastaafishwa, akarudi kwao Mkange. Mwezi haukuisha, nikaitoa mizani kwa mnunuzi wa vyuma chakavu ili nipate pa kuweka meza.

Baadaye nikataka tuanzishe shahada ya uzamili ya kemia ya nadharia. Hiyo ndiyo ilikuwa roho yangu, sikuwa na mume wala mtoto ila hiyo. Nilikuwa nimekokotoa jinsi rangi ya magome ya mkoko inavyoshika chuma. Baraza la chuo likasema litakubali kwa sharti moja: nilete kipimo kimoja cha kweli kinacholingana na hesabu zangu. Kimoja tu! Nikawaendea wenzangu wenye maabara. Kila mmoja akajitia ana shughuli, maana hakuna ambaye sikuwahi kumnyang'anya kitu.

Basi nikaenda Mkange. Nilimkuta anamenya muhogo.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, daktari."

Tangu kile kikao hakuwahi kuniita mwanangu. Nikamweleza shida yangu. Heri angenitukana. Aliingia ndani, akatoka na koti lake jeupe, limepigwa pasi, linanukia karafuu. Njia nzima ya kurudi chuoni alinieleza namna ya kukausha magome kabla ya kuyapima, na mimi, mwoga wa kutupwa, sikumwambia kwamba mizani haipo. Nilidhani atabuni kitu. Siku zote alikuwa anabuni.

Alisimama mlangoni mwa chumba, akatazama kona ile.

"Iko wapi?"

"Tuliitoa."

"Mkaipeleka wapi?"

"Kwenye chuma chakavu."

Wanafunzi wangu wakaacha kubonyeza kompyuta. Akavua koti, akalikunja polepole, akalitia kwapani. Nikamshika mkono mbele yao wote, nalia. "Baba mdogo, baraza ni kesho. Bila kipimo, shahada haifunguliwi. Nisaidie, nakuomba."

Akaniwekea kiganja kichwani, kama alivyokuwa akifanya nilipopata jibu sahihi kule jikoni.

"Mwanangu," akasema kwa upole, "si mnapiga hesabu? Pigeni."

Kisha akauliza magari ya kurudi Mkange yanaondokea wapi.

Kesho yake baraza lilikataa kabla hata chai haijaletwa. Chumba bado ni changu.