Bibi Aliyeogopa Kumpakata Mtoto

Bibi aliteleza kwenye tope la shamba la mpunga, akavunjika mkono. Akapelekwa kupigwa eksirei, akarudi nyumbani kwetu Mlabani, Ifakara, na plasta mkononi, na hofu juu yake. Kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya yao mtu alikuwa amerusha andiko: aliyepigwa eksirei hubaki na mionzi mwilini, inapungua nusu kwa nusu miaka na miaka, kwa hiyo asipakate mtoto mchanga.

Na sisi tulikuwa na mtoto mchanga. Mdogo wangu, kitovu kilishadondoka, anasubiri tu kutolewa nje kwa mara ya kwanza, na kwetu anayemtoa ni bibi mzaa baba, si mwingine. Bibi akagoma. Mama, aliyekuwa ndani na mwanawe muda wote huo, alianza kuongea na ukuta.

"Shikamoo bibi," nikamwamkia toka mlangoni. "Nisogee au nitaiva?"

"Marahaba, mpumbavu wewe. Kaa huko huko."

Hakuwa anatania. Macho yalikuwa mekundu kwa kulia. Hapo nikaacha ujinga, kidogo.

Nikalitupa andiko kwenye kundi la darasa letu, kwa sharti moja: anayejibu aseme kajuaje. Wa kwanza akashauri bibi apakwe majivu. Wa pili akasema ni kweli kabisa, kwa sababu habari ya nusu kwa nusu imo kwenye kitabu cha fizikia. Kitabu ni kitabu. Ndipo msichana wa dawati la mbele akapiga picha ukurasa ule ule.

"Someni mpaka chini, wavivu. Hiyo ni ya vitu vinavyotoa mionzi vyenyewe, kama urani. Eksirei ni mashine ya umeme. Ikizimwa, kwisha, kama taa."

"Kwa umeme wetu huu wa kukatika, Ifakara tuko salama kuliko wote!" mwingine akadakia.

Jamaa wa Kibaoni akapanda baiskeli hadi hospitali, akarekodi sauti ya mpiga eksirei: picha ikishapigwa, hakuna mionzi inayobaki mwilini.

Bibi akasikiliza, akasonya. "Simu ilisema nina sumu. Leo simu hiyo hiyo inakana. Muulizeni huyo baba wa eksirei: mama yake akipigwa, atampa mjukuu ampakate?"

Swali likaenda kwa jamaa wa Kibaoni, aliyekuwa bado hospitali. Jibu likarudi na kicheko ndani yake: "Kashapigwa, kifua. Na mjukuu analala naye kitanda kimoja."

Bibi akairudia sauti ile, simu kaibana sikioni. Kisha akasema, "Nileteeni mtoto wangu."

Akambeba kwa mkono mzima, akavuka kizingiti. Mama akafuata, akafumba macho juani, akashusha pumzi ndefu hata kuku wakashtuka. Mimi nikaandika kundini, "Katoka!" Simu ikatetemeka kwa shangwe.

"We mjinga," bibi akaniita, "huyo aliyerusha andiko mwambie aje kumwona mtoto. Na asije mikono mitupu. Alete sabuni."