Gari Lisilobeba Ndizi

Siku Esnath alipoingiza gari lake kijijini kwetu Lufingo, sisi majirani tulijiandaa kuona pikapu. Hakuwa amemwambia mtu ni gari gani. Lakini mkulima wa ndizi na parachichi akiuza vizuri, akajifunza udereva ukubwani, akapata leseni, kisha akapanda basi kwenda Dar es Salaam kufuata gari, unategemea arudi na nini? Mdogo wake, Ezron, ambaye ana pikapu yake, alikuwa ameshamchagulia hata turubai la kufunikia mzigo.

Kikaja kitu kingine kabisa. Kigari kifupi, kimeinuka kidogo kuliko teksi lakini hakifiki kimo cha gari la shamba. Rangi yake kama maharage mekundu yaliyotoka kuoshwa. Viti vya ngozi, paa la kioo, na mlango ukifungwa husikii tena hata mvua. Lilikuwa gari la kutembelea, tena la kifahari, la aina wanayoendesha watu wa benki.

Ezron alilizunguka, akafungua buti, akapima kwa mkono.

"Dada, humu inaingia mikungu mingapi?"

"Mmoja, ukiukata katikati."

"Na kreti za parachichi?"

"Usithubutu kuniwekea kreti humo, Ezron."

"Sasa hapa umenunua nini?"

Esnath akalifunga lile buti taratibu. "Tangu nikiwa msichana nimebeba ndizi kichwani kwenda Tukuyu. Nimebeba kuni, maji, mbolea. Wewe mwenyewe nimekubeba mgongoni. Mimi sijawahi kubebwa. Mzigo utafuatwa na gari la mnunuzi kama siku zote. Hili ni la kunibeba mimi."

Kuna waliocheka. Mimi sikucheka, kwa sababu namjua. Mume wake alipofariki watoto wakiwa bado wadogo, wakwe walimshauri akodishe shamba arudi kwa wazazi wake. Hakurudi. Akapanda miparachichi katikati ya migomba wakati wengi hapa tulikuwa tunaiona miti ya kivuli tu, akajifunza kubebesha miche, yaani kuipandikizia vikonyo vya aina bora, akasomesha wanawe wote kwa miti hiyo. Mtu wa namna hiyo akiamua jambo, ujue amelilala na kuliamkia.

Sitasema gari halikuwa na kasoro. Nilipanda mwenyewe tulipokwenda msibani Suma. Nyuma tulikaa wanawake watatu, wote tumejaliwa, na hadi tunafika mguu wangu wa kulia nilikuwa siujui uko wapi. Tairi zake zina ubavu mwembamba, basi kila jiwe la njiani unalisikia kwenye meno. Tumbo la gari liko chini kuliko linavyoonekana ukilitazama kwa pembeni. Na likiharibika, Uwesu, fundi wetu wa Tukuyu, hana spea yake hata moja. Lazima aagize Dar.

Lakini kwenye lami! Pale Ntokela, ukungu ukishuka na barabara ikalowa, magari mengine yanajikongoja. Lile lilishika kona kama lina kucha. Mlima linaupanda bila kuguna, na ukitaka kulipita lori, unagusa mafuta tu. Esnath alikuwa anaendesha kifua mbele, gauni lake la kanisani halina hata kunyanzi, na mimi pamoja na mguu wangu nikajikuta naona fahari kana kwamba gari ni letu sote.

Aliyemaliza ubishi ni mama yao, Tusekile.

Bibi huyu ana nyonga mbovu, na hospitali ilimtaka ahudhurie Mbeya mara kwa mara. Ezron alikuwa akimpeleka na pikapu, na kila akirudi anajilaza siku kadhaa, si kwa ugonjwa bali kwa safari. Mwishowe alikataa kabisa. "Niacheni na maumivu yangu hapa hapa," alisema. "Ya njiani siyawezi."

Esnath akamshawishi ajaribu mara moja tu. Ilikuwa mwezi wa nne, mvua zimechachamaa na baridi kali. Akamkalisha kiti cha mbele, akamfunga mkanda, akabonyeza kitufe cha kupasha kiti joto, akasahau kumwambia.

Walipofika mlimani, bibi akamshika mkono kwa nguvu. "Simama, mwanangu. Simama. Nimejikojolea."

"Hapana, mama. Ni kiti. Kinapasha joto."

Tusekile akapitisha kiganja chini yake, akakinusa, kisha akauliza, "Kimejuaje kuwa nasikia baridi?"

Baada ya hapo akasinzia mpaka Uyole. Esnath alinisimulia kwamba aliendesha huku machozi yanamtoka, maana hajawahi kumwona mama yake akilala safarini.

Kurudi ndiko kulikokuwa na mambo. Waliiacha lami salama, lakini njia ya kuja kwetu ilikuwa imegeuka uji. Magari ya mizigo yamechimba mifereji miwili, katikati kumebaki tuta. Pikapu hupita juu ya tuta lile bila kuligusa. Gari la Esnath likalilalia kwa tumbo, tairi zikawa zinazunguka bure, na chini kukasikika kitu kikichanika.

Hakukuwa na njia ila kumpigia Ezron. Alikuja na pikapu yake na kamba, na alipoliona gari limekaa pale kama kuku anayeatamia, alicheka hadi akashika magoti. Sisi tuliotoka na majembe tukacheka pia. Esnath alisimama kwenye matope, viatu mkononi.

"Mama, hamia kwenye pikapu," Ezron akasema, akifungua mlango wa mbele. "Nikufikishe nyumbani, hili tutalivuta baadaye."

Tusekile hakugeuza hata shingo. "Sishuki."

"Mama, gari limekwama."

"Limekwama, lakini mimi nimekaa pazuri. Funga mlango, baridi inaingia. Wewe vuta."

Basi akavuta. Tulilisukuma sote, na bibi yumo ndani, mkoba mapajani, anatupungia mkono kupitia kioo kama mgeni rasmi. Lilipochomoka kwenye tuta tulipiga vigelegele, na aliyepiga cha kwanza alikuwa Esnath.

Uwesu alipolichungulia kesho yake alikuta kava la chini ya injini limechanika vipande. "Mama, gari lako ni zuri sana," alimwambia, "ila njia yenu hailitaki."

"Basi tutaibadilisha njia," Esnath akajibu.

Sikudhani alimaanisha. Lakini wakati wa kusubiri spea alipita nyumba hadi nyumba, akapika makande na kumimina chai, na kwa muda wa Jumamosi chache tukakata lile tuta, tukajaza mifereji mawe na kufungua mitaro ya maji. Mawe mengi yaliletwa na pikapu ya Ezron. Alinung'unika kila safari, lakini aliyaleta, na sasa hata mjamzito akipakiwa bodaboda hatikisiki kama zamani.

Mwezi wa saba Esnath alibanwa na uvunaji wa parachichi, siku ya hospitali ikawadia. Akamkabidhi Ezron ufunguo. Walitarajiwa mchana, walirudi jua linazama. Ezron alishuka, akafuta vumbi kwenye taa kwa mkono wa shati lake.

"Buti dogo," alisema. "Nimeshindwa kupakia hata gunia la viazi."

"Na njiani?" Esnath akauliza.

Akakwepa macho ya dada yake. "Tulizunguka kidogo. Mama alitaka kuona Tukuyu."

"Mwongo," Tusekile akasema kutoka ndani ya gari. "Mimi nilitaka kurudi nyumbani. Yeye ndiye aliyezunguka mji mara mbili, kioo ameteremsha, anasalimia watu asiowajua."

Esnath alicheka mpaka akaegemea gari. Ezron naye akacheka, akamrudishia ufunguo, kisha akazunguka kwenda kumfungulia mama yao mlango. Bibi akamkawiza kidogo. Alikuwa bado anakipapasa kile kiti, akinong'ona, "Ndaga fijo," ile asante yetu kubwa. Sikujua anamshukuru Mungu, mtoto wake, au gari.