Tata Ngeleka Achagua Pikipiki

Tata Ngeleka wa Manika, mtaa wa Kolwezi huku Kongo, ni fundi umeme mstaafu, mtu mkimya, mwenye ugonjwa mmoja tu: vipikipiki vya plastiki vya kuunganisha, mifano midogo ya zile pikipiki walizopanda askari katika Vita Kuu ya Pili. Hukata vipande kwa wembe, huvigandisha kwa gundi, huvipaka rangi ya tope, kisha huvipanga juu ya kabati, pale pale ambapo mkewe, Mama Jocelyne, angependa kuweka sahani zake za harusi. Wamegombania kabati hilo miaka nenda miaka rudi, na mzee hajasalimu amri.

Vitu hivyo havipatikani Kolwezi. Aliyemnunulia ni binti yao wa pekee, Simone, anayetunza wazee huko Liège, Ubelgiji. Kila mwezi, Jumamosi moja, Simone aliingia dukani, akampigia baba yake simu ya video, akamwonyesha sanduku moja moja ili achague. Lililochaguliwa lilisubiri msafiri wa kulileta.

Na mzee kuchagua hakujua, au tuseme alijifanya hajui.

"Geuza, mama, nione kando," alisema, maana baba wa huku humwita binti yake mama. "Hii ya Baingereza ni muzuri. Lakini ile ya Baallemand iko na kiti ya pembeni. Nionyeshe ile tena."

"Papa, tumeshaiangalia! Banataka kufunga boutique!"

Tusimwonee. Sanduku alilolitaka alikuwa amelijua tangu jana yake. Ila akishalitaja tu, Simone atasema, "Basi, Papa, tutaonana," na hapo mwezi mzima ni kimya. Kwa hiyo alivuta muda. Kati ya pikipiki na pikipiki alipenyeza maswali yake: unakula nini, baridi je, mbona umekonda? Simone alijibu huku akirudisha masanduku kwenye rafu. Siku moja alisema kwamba bibi mmoja amemfia mikononi kazini, na kwamba alilia chooni. Mzee akamwomba amwonyeshe sanduku jingine, asije akakata simu.

"Si umuambie tu unamukumbuka?" Jocelyne alimwuliza.

"Nimusumbue? Mutoto iko na kazi."

Mwezi uliopita Jumamosi ilifika, simu haikulia. Siku chache baadaye Blanchard, jirani mfanyabiashara aliyekuwa amerudi kutoka Ubelgiji, alishusha katoni kubwa sebuleni. Ndani yake, sanduku juu ya sanduku: ya Waingereza, ya Wajerumani yenye kiti cha pembeni, ya Wamarekani, hata ile ya Wabelgiji ambayo mzee hakuthubutu kuiomba. Yote aliyowahi kusitasita mbele yake yalikuwemo. Kisha ikaingia sauti ya Simone kwenye simu, imejaa furaha:

"Papa, niliona kuchagua kunakutesa sana. Njo maana nimenunua yote. Sasa hautahangaika tena, hata miaka mingi!"

Jocelyne alipiga vigelegele, akamtazama mumewe, akavikatiza. Mzee alikuwa amekaa na katoni mapajani, hajafungua hata sanduku moja. Kosa la mtoto liko wapi? Halipo. Amempenda baba yake kwa moyo wote, na kwa mapenzi hayo hayo amemfungia mlango. Hilo ndilo lililomkata maini mzee wa watu. Laiti angekuwa na wa kumlaumu, angalau angekasirika.

Alipiga moyo konde, akabonyeza kurekodi.

"Aksanti sana, mama. Nimefurahi. Sasa nianze na gani? Ya Baingereza, ao ya Babelgiji? Unipigie, tuchague pamoja."

Akakaa na simu mkononi, chakula kikapoa. Jibu lilikuja jioni, kwa maandishi, maana Simone alikuwa kazini:

"Yoyote tu, Papa. Yote ni yako."