Fundi Chumvi Alipoacha Chumvi

Kaka yangu ni fundi makochi, na mtaa mzima humwita Fundi Chumvi. Jina hilo hakulipata kwenye sahani, alilipata kwa mdomo wake mwenyewe. Hawezi kukusimulia jambo likabaki na ukubwa wake. Akikuta kijiko ndani ya kochi kuukuu, kufikia mchana kijiko kimekuwa cha fedha, na jua likizama imekuwa seti nzima na mwenyewe anatafutwa. Watu wanajua anatia chumvi, na makochi wanamletea hivyo hivyo, maana mikono yake haisemi uongo. Kochi likitoka kwake unalikalia mpaka unachoka wewe.

Banda lake linatazamana na mlango wangu wa jikoni, kwa hiyo mengi nayasikia bila kuyatafuta. Akiwa kazini hasemi, kwa sababu misumari midogo anaibana midomoni, anachomoa mmoja anaugongelea, anachomoa mwingine. Ukiona ameitema yote kiganjani, ujue hadithi inakuja, na kama una chungu motoni, nenda kakiangalie kabisa.

Chumvi ya kopo nayo aliipenda. Alikuwa akikaa tu mezani, mkono unakwenda. Hajaonja, hajanusa, ananyunyiza kama anayepanda mbegu. Mke wake, yaani wifi yangu, ni mpishi hodari na mwepesi wa kununa, na kopo lile alilihesabu kama tusi analowekewa kila siku mbele ya macho yake.

Mwaka juzi kaka alijichoma kidole kwa ile sindano ndefu iliyopinda ya kushonea makochi. Kidole kikavimba, akaenda zahanati. Alikwenda kwa ajili ya kidole, akarudi na presha. Nesi alimfunga mkono akampima, akamwambia atulie, akampima tena, kisha akamwita arudi siku nyingine, na vipimo vyote vikasema neno moja. Kaka akabisha kwamba yeye hasikii kichwa wala kizunguzungu. Nesi akamjibu kuwa wengi ndivyo walivyo, hawasikii chochote mpaka siku wanayoanguka. Akampa dawa ya kumeza kila asubuhi na onyo moja: apunguze chumvi, la sivyo anaelekea kwenye kiharusi.

Neno kiharusi lilipofika nyumbani kwetu halikuhitaji kuelezwa. Baba yetu naye alikuwa fundi makochi. Mkono wake wa kulia ulikufa asubuhi moja akiwa anafunga kifungo cha shati, na tangu hapo tulimlisha kwa kijiko hadi tulipomzika. Kaka alirithi ufundi na nyundo. Hakuna aliyetaka arithi na mkono.

Wifi hakupoteza muda kulia. Kopo la chumvi alilifungia kabatini chini ya mashuka, ufunguo akauning'iniza shingoni. Akatangaza kwamba chumvi haitaingia tena kwenye sufuria yake hata chembe, na asiyeridhika akatafute pa kula. Nilimwambia, wifi, hapo umefanya la maana. Akanijibu kwamba la maana alikuwa akilifanya siku zote, ila ndugu zangu ndio wagumu kuliona. Huyo ndiye wifi yangu.

Kaka alitii. Tena si kutii tu, alianza kujisifia. Ikawa kila mteja anayeingia bandani, misumari inatemwa, anaambiwa kwamba fundi ameacha chumvi kabisa, mkewe anapika bila chumvi, na chakula ni kitamu kuliko cha zamani. Jirani yake seremala, anayemtengenezea mbao za makochi, alisikiliza siku ya kwanza, siku ya pili akaweka randa chini.

"Fundi, umetia nyingi katika maisha yako," alisema, "lakini hiyo ya leo umemwaga gunia."

Tukacheka wote. Nani amewahi kusikia chakula kisicho na chumvi kikawa kitamu kuliko chenye chumvi? Mimi mwenyewe nilicheka hadi nikashika mlango.

Kicheko kilikauka siku aliporudi kupimwa. Presha haikuwa imeshuka. Ilikuwa imepanda kidogo. Nesi akauliza kama dawa anameza. Wifi, aliyekwenda naye ili asikie kwa masikio yake, akasema anameza kila asubuhi mbele yake, kisha anamfungua mdomo na kuukagua kama wa mtoto. Nesi akauliza habari za chumvi. Kaka akasema hajaigusa tangu siku ile. Wifi akamgeukia akamtazama, na kwa maneno ya kaka mwenyewe, mtazamo ule ungeweza kuwasha kiberiti. Hapo sidhani kama alitia chumvi.

Walipofika nyumbani wifi akampa vidonge vyake, na si vile vya nesi. Nilivisikia kutoka jikoni kwangu. Kwamba yeye anahangaika kumpikia chakula kisicho na chumvi, naye akitoka hapo anakwenda kubugia chumvi kwa watu. Kwamba anamwonea huruma mama aliyezaa mdomo kama ule. Kaka aliapa. Lakini mtu aliyeapa juu ya seti ya vijiko vya fedha, kiapo chake kina uzito gani?

Kuanzia hapo nyumba ile ilikuwa polisi na mshukiwa. Wifi alipekua mifuko ya suruali akitafuta pakiti za karanga. Alinusa mashati. Akanijia mimi, akanitaka niwe jicho lake bandani, maana mchana hawezi kumwona. Nilikubali, nisiseme uongo. Nilikuwa namwona baba kila nilipofumba macho. Nikabeba kigoda changu kilichochanika, nikasema nataka kibadilishwe sponji, nikakaa pale.

Nilichokiona hakikunisaidia. Seremala alimpa karanga za chumvi, akakataa. Akaletewa andazi, akakataa. Alikula kilichotoka nyumbani kwenye bakuli lenye mfuniko, basi. Alipomaliza akaifuta midomo, akachukua misumari, lakini hakuitia mdomoni. Akanitazama.

"Amekutuma," alisema.

"Nani kanituma? Nimeleta kigoda."

"Kigoda hicho kimechanika tangu mama yuko hai, leo ndio umekiona?" Akaihesabu misumari kiganjani kama asiye na haraka. "Mdogo wangu, nikisema uongo mnacheka na mnakaa kusikiliza. Nimesema kweli mara moja, mnanipekua mifuko."

Nikamwambia kweli yake haifanani na kweli. Presha iko juu, chumvi hali, chakula kitamu. Achague mawili, matatu ni mengi.

"Chagua wewe," akasema, na kutia misumari mdomoni. Kwa kaka yangu, kutia misumari mdomoni katikati ya mazungumzo ni sawa na mwingine kubamiza mlango.

Jioni hiyo wifi alikuwa ameshafika mwisho. Aliniambia, mbele ya kaka, kwamba kupika kwake kumekoma. Mwanaume anayejiua kwa siri hahitaji mpishi, na siku atakapopooza, asimtazame yeye, ajilishe kwa mkono uliobaki. Alisema kwa sauti ya chini, na sauti ya chini ya wifi ni mbaya kuliko makelele yake. Kaka alikuwa amekunja mkono wa kulia ndani ya ule wa kushoto, anaukandakanda, na nikajua wote watatu tunamwaza mtu mmoja.

Kesho yake wifi hakupika. Kaka alibeba bakuli la maharage yaliyobaki jana, na mchana hakulimaliza, hamu ilimwisha. Akanisukumia. Mimi chakula cha wifi sikuwa nimekionja tangu kopo lilipofungiwa, maana nani hujialika kwenye chakula kisicho na chumvi? Nikaonja ili nimfurahishe.

Yalikuwa yamekolea. Si kidogo, yamekolea sawasawa, mpaka ulimi ukaomba maji. Nikaonja tena nikidhani ni ulimi wangu. Nikamuuliza kaka kama ametia kitu. Akatoa misumari yote mdomoni.

"Ndivyo yanavyokuja," alisema. "Kila siku nawaambia ni matamu."

Sikungoja kigoda. Nilivuka na bakuli mkononi hadi jikoni kwa wifi, nikamwambia aonje. Akaonja, akasema ndiyo, ni maharage, nina neno gani? Nikamuuliza ametia nini humo.

"Chumvi sijatia," alisema, na kuushika ufunguo shingoni.

"Sikuuliza usichotia."

Akavitaja: vitunguu, nyanya, magadi kidogo yaive upesi, na vidonge vya mchuzi. Kumbe zamani alikuwa akitia kidonge kimoja. Kopo lilipofungiwa akatia viwili, akaona bado kaka hali vizuri, akafikisha vitatu, wakati mwingine vinne. Asubuhi mume anameza vidonge vya kushusha presha, jioni anakula vidonge vya kuipandisha, na vyote anapewa na mkono mmoja.

Wifi akanitolea pakiti, ina picha ya kuku mnene. Akasema hii ni kuku, hii ni ladha tu, chumvi iko kabatini. Nikafungua kidonge kimoja nikampa.

"Lamba, wifi."

Alilamba. Alikaa nacho mdomoni akitazama ukuta, kisha akakitema kiganjani, taratibu, kama kaka anavyotema misumari. Alivua kitambaa cha kupikia, akatia pakiti na magadi kwenye mkoba, akaenda bandani kumwita mumewe. Nikafuata. Jambo kama lile huwezi kuachia mtu akusimulie, hasa kaka yangu.

Nesi hakucheka wala hakumsema mtu. Alisema wanaoleta pakiti ile ni wengi kuliko wasioleta. Vidonge vile kwa sehemu kubwa ni chumvi yenyewe, kuku yumo kwenye picha. Kinachopandisha presha ndani ya chumvi kinaitwa sodiamu, na magadi nayo yanayo hiyo hiyo, ingawa ulimi hauitambui. Kwa siku nzima mtu mzima asizidishe kijiko kimoja cha chai, kilichosawazishwa, si cha mlima, na humo ihesabiwe yote: ya kwenye sufuria, ya kwenye mkate, ya kwenye karanga. Mwenye presha akibaki chini ya hapo ndiyo vizuri zaidi.

Wifi, ambaye akiamua kitu hukiamua mpaka kivunjike, akasema basi ataondoa vyote, hata mkate, abaki hana chumvi kabisa. Nesi akamkataza. Alisema mwili nao unaitaka kidogo, misuli na mishipa ya fahamu haifanyi kazi bila hiyo, na fundi anayetoka jasho bandani asigeuzwe mgonjwa wa upande wa pili. Wifi akauliza tena habari za chumvi ya pinki, ambayo shoga yake aliisifia kuwa ni ya afya. Nesi akasema rangi haipunguzi kitu, chumvi ni chumvi, na mara nyingi ile haina madini joto. Akasema zipo pia zilizopunguzwa sodiamu, lakini hizo zina vitu vingine visivyofaa wenye figo mbovu na wanaomeza dawa fulani, kwa hiyo mtu asijinunulie bila kuuliza. Wachukue ya kawaida, yenye madini joto, waitie kidogo chakula kikishaiva, wakoleze kwa ndimu, kitunguu saumu na tangawizi. Na dawa asiache.

Tulirudi kwa miguu. Nilingoja kaka aanze, maana hapo alikuwa na haki ya kutamba mwezi mzima. Hakutamba. Alimshikia mkewe mkoba, akauliza nyumbani kuna ndimu. Wifi akasema zipo. Ndiyo maneno yote niliyoyasikia, na nilikuwa nyuma yao hatua mbili.

Bandani ilikuwa habari nyingine. Akimsimulia seremala, vidonge vitatu vilikuwa kumi kabla ya chakula cha mchana, na mimi nikawa nimeanguka kwa kiu nikapepewa. Seremala alicheka, kisha akasema, fundi, samahani kwa lile gunia. Kaka akamwambia asijali, yeye mwenyewe asingejiamini.

Presha haikushuka kwa siku moja. Ilikwenda ikijivuta, wiki hii kidogo, wiki ile imesimama, hadi siku nesi alipopima mara mbili kisha akaiandika bila kukunja uso. Jioni hiyo nilikuwa kwao. Wifi alipakua, akaingia chumbani, akarudi na kopo la chumvi. Shingoni hapakuwa na ufunguo. Alilitua kopo mezani, si upande wake, upande wa kaka, karibu na mkono wake wa kulia, akakaa na kuanza kula kama mtu aliyeweka glasi ya maji.

Kaka alilitazama. Akaonja kwanza, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya maisha yake yote. Akatafuna, akameza.

"Mke wangu," alisema, "chakula hiki hakina ladha."

"Hapo nakuamini," wifi akasema, na kumsogezea ndimu.